Kitanda Imara kwa Pesa Kidogo: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kuagiza na Kukagua

Vitanda vinavyouzwa kando ya barabara Nsambya au Bwaise, hapa Kampala, hupangwa ili uvione mbele tu: ubao wa kichwani ulionakshiwa, vanishi inayong'aa, labda na vioo viwili. Vinavyokubeba usiku kucha havionekani. Ni chaga (vipande vya mbao vinavyobeba godoro), mifumbati (mbao ndefu za ubavuni), viungo vya pembe nne na ukavu wa mbao. Fundi anayeijua biashara yake huweka pesa pale jicho la mteja linapotua. Mwenye bajeti ndogo afanye kinyume: akate gharama kwenye hedibodi, asikate hata shilingi kwenye chaga.

Anza na vipimo, usianze na bei

Kwetu vitanda hutajwa kwa futi: 3x6, 4x6, 5x6, 6x6. Tatizo liko kwenye ile "sita". Futi 6 ni inchi 72, lakini magodoro mengi hutengenezwa kwa urefu wa inchi 75. Ukinunua kitanda cha inchi 72 kamili, godoro la inchi 75 litapanda juu ya ubao wa miguuni au litajikunja kati. Ukifanya kinyume, mto utakuwa unaangukia ndani ya ufa kila usiku. Kwa hiyo nunua godoro kwanza, au angalau lipime dukani kwa futikamba, ndipo umpe fundi vipimo kwa inchi. Usimwambie "nataka tano kwa sita" ukadhani mmeelewana.

Ndani ya fremu ongeza inchi 1 kwa upana na inchi 1 kwa urefu. Godoro la inchi 60 kwa 75 linataka nafasi ya inchi 61 kwa 76. Inchi hiyo ndiyo inayokuwezesha kuchomeka shuka na neti chini ya godoro. Fremu inayobana godoro huifanya neti itoke usiku, na mbu hawahitaji zaidi ya hapo.

Pima pia mlango na kona ya ukumbi. Kwa anayeishi kwenye chumba cha kupanga na kuhama mara kwa mara, kitanda lazima kifunguke vipande: kichwa, miguu, mifumbati miwili, mhimili wa kati na chaga. Kilichopigiliwa misumari kila mahali hakihami, kinavunjwa. Chini ya fremu acha inchi 10 hadi 12 za kupitisha fagio na masanduku. Jumla ya kimo, pamoja na godoro, ikiwa inchi 20 hadi 22, mtu mzima atakaa ukingoni na miguu yake itagusa sakafu vizuri.

Kugawa pesa

Tenga karibu nusu ya pesa zote kwa godoro, nusu nyingine kwa kitanda, na kabla ya kugawa toa nauli ya pikapu na ya kupandisha ngazi. Wengi husahau hiyo nauli, kisha huipunguza kwenye godoro.

Kama nusu hiyo haitoshi godoro zuri la 5x6, shuka hadi 4x6 kuliko kununua kubwa la hovyo. Kwa mtu mmoja 4x6 inatosha kabisa. Kwa wawili wazima ni ya kubanana, lakini sponji nzuri ya 4x6 itaishi miaka ambayo ile ya hovyo ya 6x6 imeshabonyea mabonde mawili.

Godoro: tumia mizani

Neno "hai densiti" kwenye kitambaa halina maana bila namba. Densiti ni uzito wa sponji kwa kila mita ya ujazo, na unaweza kuihakiki mwenyewe. Godoro la inchi 60 kwa 75 lenye unene wa inchi 8 ni mita 1.52 kwa 1.90 kwa 0.20, yaani mita za ujazo 0.58 hivi. Sponji ya densiti 25 hapo itakuwa na kilo 14 na ushee. Ya 18 itakuwa na kilo 10 tu. Ya 30 itafika kilo 17. Kitambaa huongeza kidogo. Mwombe muuzaji mizani ya kuning'iniza. Akikataa, lipime kwa mikono ukilinganisha na la jirani lenye ukubwa uleule. Tofauti ya kilo nne huihisi bila chombo chochote.

Kwa watu wazima wanaolalia kila siku, tafuta 25 kwenda juu, na kwa wenye miili mizito 30. Ya chini ya 20 iache kwa mtoto au chumba cha mgeni. Unene si ubora: inchi 10 za sponji nyepesi zitazama kabla ya inchi 6 za sponji nzito. Kama bajeti inakulazimisha kuchagua kati ya unene na densiti, chagua densiti.

Uzito nao una ujanja wake. Sponji nyingine hutiwa unga wa chokaa ili iwe nzito, na hiyo humomonyoka mapema. Fungua zipu kama ipo, bana kipande cha pembeni kati ya vidole na ukisugue: ikitoa unga mweupe au ikichanika kirahisi kama mkate, achana nayo. Kisha bonyeza kwa goti sekunde 10 na uinue. Sponji nzuri hurudi papo hapo. Inayobaki na alama ya goti itabaki na alama ya nyonga yako.

Pima unene kwa futikamba katikati na pembeni, kwa sababu "inchi 8" za mdomoni mara nyingine ni 7. Tafuta alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwenye lebo iliyoshonwa, siyo kwenye nailoni ya nje tu. Nailoni hubadilishwa na mtu yeyote.

Mbao: jina, ukavu na rangi ya kupakwa

Ndeeba ndiko soko kuu la mbao Kampala, na huko utasikia majina mengi kwa saa moja. Kwa kitanda, yanayokuhusu ni machache. Mvule na mugavu ni ngumu, nzito, na moyo wake hauliwi ovyo na mchwa. Bei yake nayo ni nzito. Mkangazi, wengi wakiuita mahogani, ni mzuri na mtulivu ukikauka. Musizi ni mwepesi na rahisi kufanyia kazi, unafaa kwa hedibodi na mbao za mapambo, ila mchwa wanaupenda. Mkaratusi, kalitunsi kwa Kiganda, ni imara ukiwa mkavu, lakini ukiwa mbichi hupinda na kupasuka vibaya. Paini hutoka kwenye mashamba ya kupandwa, bei yake ni nafuu na inatosha kabisa kwa mifumbati na chaga mradi vifundo viwe vidogo na visiwe ukingoni. Kirundu, mti mweupe na mlaini, usikubali ubebe uzito. Ni chakula cha wadudu.

Mchanganyiko wenye akili kwa bajeti ndogo ni huu: matendegu (miguu ya kitanda) na mhimili wa kati viwe vya mugavu au mkaratusi mkavu, mifumbati na chaga za paini, hedibodi ya chochote kinachopendeza macho.

Ukavu una uzito kuliko jina la mti. Mbao mbichi husinyaa baada ya kufungwa, ulimi (ncha ya ubao iliyochongwa) hulegea ndani ya tundu lake, na kitanda kilichokuwa kimya dukani huanza kulia mwezi wa pili. Kavu ya kufaa samani za ndani iko chini ya asilimia 15 ya unyevu. Bila kipimo, weka kiganja: mbao mbichi ni baridi kuliko iliyo jirani nayo. Inua: uzito usiolingana na mti wake ni maji. Gonga kwa kifundo cha kidole: kavu hulia wazi, mbichi hutoa sauti nzito, iliyofifia. Tazama pia jinsi zilivyohifadhiwa. Mbao zilizopangwa chini ya paa na vijiti vikitenganisha safu moja na nyingine zinakaushwa; zilizolundikwa mvuani zinauzwa tu.

Sasa ile rangi. Paini au kirundu ikipakwa rangi nyekundu ya kahawia na vanishi mara tatu, huuzwa kwa jina la mkangazi. Usibishane na muuzaji. Lala chini uangalie upande wa ndani wa mfumbati na chini ya tendegu, ambako brashi haikufika. Kwaruza kwa ufunguo mahali pasipoonekana. Mti wa kahawia ni wa kahawia hadi ndani; uliopakwa rangi huonyesha weupe papo hapo. Ukiwa huko chini tafuta matundu madogo kama ncha ya pini yenye unga laini karibu yake. Huo unga ukiwa mpya, wadudu bado wamo, na vanishi haiwaui.

Karatasi ya oda

Kitanda cha kuagiza kwa kawaida kina thamani zaidi kwa pesa ileile kuliko kilichokwisha kupakwa, kwa sababu unaona mbao kabla hazijafichwa. Sharti uandike. Kwa 5x6, maneno kama haya yanatosha, yakiwa na saini mbili na tarehe:

*Kitanda, nafasi ya ndani inchi 61 kwa 76. Matendegu 4 ya inchi 3 kwa 3. Mifumbati 2 ya inchi 6 kwa 1½. Kila pembe bolti 2 za milimita 10, zenye washa pana. Vishikizo vya chaga vya inchi 2 kwa 2, gundi na skrubu za inchi 3 kila baada ya inchi 8. Mhimili wa kati wa inchi 4 kwa 2 wenye miguu 2 inayogusa sakafu. Chaga 14. Mteja ataona fremu kabla ya rangi.*

Kila mstari una sababu yake. Bolti moja kwa kila pembe huacha mfumbati uzunguke kama bawaba. Mbili, moja juu ya nyingine, humaliza mchezo huo. Vishikizo ni zile mbao nyembamba za ubavuni ambazo chaga hukalia. Mafundi wengi huvipigilia kwa misumari mitano tu, na ndivyo hung'oka kwanza, kwa kawaida usiku, upande wa mtu mzito. Mhimili wa kati ni lazima kwa 5x6 na 6x6. Usiokuwa na mguu ni pambo tu: utapinda pamoja na chaga.

Chaga zinastahili hesabu. Vitanda vingi vya barabarani huwa na chaga sita au saba pana, zenye mapengo ambayo kiganja kizima hupita. Sponji huingia kwenye mapengo hayo, hukatika chini, na mteja hulaumu kiwanda cha godoro. Pengo lisifike inchi 3. Njia ya bei nafuu ni kununua mbao za inchi 6 kwa 1 na kuzipasua katikati. Ubao wa futi 12, na hata wa futi 14, hutoa vipande viwili vya inchi 61, kila kipande kikipasuliwa kinatoa chaga mbili. Kwa hiyo mbao 4 hukupa chaga 16: 14 za kutandika na 2 za akiba. Baada ya msumeno na randa kila chaga itabaki na inchi 2¾ hivi, na ukizisambaza 14 kwenye inchi 76, pengo litakuwa karibu inchi 2.9. Vipande vya mabaki vifanye miguu ya mhimili kwa kuunganisha viwili viwili.

Funga kila chaga kwa skrubu moja kila upande. Zisizofungwa husogea, na siku mtoto akiruka juu yake moja huanguka, nyingine zikifuata.

Kulipa na kukagua

Malipo ya mwanzo yasizidi gharama ya mbao na vyuma. Afadhali mwende pamoja sokoni, ulipie mbao mwenyewe na kubaki na risiti, kisha fundi adai ufundi wake tu. Ukituma kwa simu, andika sababu ya malipo kwenye ujumbe. Fungu la pili toa siku ya kuona fremu bila rangi, la mwisho kitanda kikiwa kimesimama ndani ya chumba chako.

Siku ya fremu ndiyo siku yenyewe. Nenda mchana. Tazama pale ubao wa kichwani unapoingia kwenye tendegu. Kiungo kizuri kina ulimi uliochongwa kutoka kwenye ubao wenyewe, umeingia kwenye tundu la tendegu kwa kubanwa, gundi ikitokeza uzi mwembamba pembeni. Kiungo kibaya kina ubao uliokatwa mraba, ukaegemezwa tu kwenye tendegu na kupigiliwa msumari wa mshazari. Pengo limezibwa kwa uji wa vumbi la mbao na gundi. Uji huo ukiwa mstari mwembamba si neno. Ukiwa upana wa kidole, mwambie afungue. Bado ni rahisi. Baada ya vanishi ataanza kukuambia "huu ndio mtindo".

Pima mishazari miwili, kona hadi kona. Ikitofautiana zaidi ya robo inchi, kitanda kimekaa upande na godoro halitatulia. Kisha shika tendegu la kichwani, lisukume mbele na nyuma kwa nguvu, uangalie viungo, siyo hedibodi. Mwisho keti juu ya chaga ya katikati bila godoro. Ikilia au kupinda sana, chaga ni nyembamba au mhimili hauna mguu.

Ukipendelea chuma

Kitanda cha chuma kina faida kwa mpangaji: mchwa hawakili, kunguni hawana nyufa nyingi za kujificha, na kwa watoto wa bweni ghorofa mbili ya chuma haina mpinzani. Katwe, nako Kampala, ina mafundi wengi wa kuchomelea. Kinachokutofautishia kizuri na kibaya ni unene wa bomba, unaotajwa kwa geji, na hapo watu hudanganywa kwa sababu namba ikiwa kubwa bomba ni jembamba. Geji 16 ina milimita 1.6 hivi, geji 18 ina 1.2, geji 20 haifiki hata milimita 1. Kwa matendegu na mifumbati dai 16, kwa vipande vidogo 18 inatosha. Ng'oa kifuniko cha plastiki mwishoni mwa bomba uone unene kwa macho.

Welding iwe mstari unaoendelea kuzunguka kiungo. Madoa matatu ya kubandika, yakipakwa rangi ya fedha, huachia mmoja mmoja. Kutu iliyo chini ya rangi huonekana kama malengelenge, ikwaruze. Wavu wa waya badala ya chaga ukatae: hulegea na kuwa kama hamaka. Fremu ya chuma yenye chaga za mbao ndiyo ninayoiona bora kwa bajeti ndogo kuliko mitindo yote iliyoko sokoni. Ni nyepesi kuhama, na chaga ikivunjika unabadilisha moja tu.

Vitanda vya ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, vyenye karatasi ya rangi ya mti juu, vikae chumba kikavu na visihamishwe. Skrubu ikitoka mara mbili tundu limekwisha, na maji ya kudekia yakifika chini, miguu huvimba.

Kitanda kilichotumika

Cha mvule cha zamani, hata kikiwa na mikwaruzo, ni bora kuliko kipya cha kirundu. Badilisha chaga zote na bolti, piga msasa, kimepona. Godoro lililotumika usinunue. Kunguni wakague kwa tochi: ndani ya matundu ya bolti, kwenye nyufa za viungo, nyuma ya hedibodi. Madoa meusi kama ya ncha ya kalamu na maganda membamba ya kahawia ni ushahidi tosha. Ukiamua kukichukua hata hivyo, kifungue chote nje ya nyumba na umwage maji ya moto sana kwenye kila ufa na tundu, kabla hata kipande kimoja hakijavuka mlango.

Kikishafika nyumbani

Kiache inchi 2 kutoka ukutani, hasa ukuta unaopigwa mvua, na weka vipande vya mpira chini ya matendegu. Sakafu ya saruji hupandisha unyevu, na tendegu hunyonya kupitia chini, sehemu ambayo fundi hakuipaka chochote. Ipake vanishi mwenyewe kabla ya kukisimamisha.

Baada ya mwezi mmoja kaza bolti zote. Hata mbao kavu husinyaa kidogo. Rudia baada ya miezi sita. Godoro lizungushe kichwa kuwa miguu kila miezi mitatu, na unapolianika tumia kivuli chenye upepo, kwani jua kali hugeuza sponji kuwa ya njano na kuifanya imomonyoke.

Kitanda kikianza kulia, usikimbilie misumari. Ondoa godoro, kandamiza chaga moja moja, kisha tikisa pembe moja moja hadi uipate sauti. Mlio wa bolti huisha kwa kukaza. Mlio wa mbao kusugua mbao huisha kwa kupaka mshumaa au sabuni ya mche kwenye nyuso zinazogusana. Wa chaga juu ya kishikizo hutaka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa vidole viwili, kilichowekwa chini ya kila ncha ya chaga kabla ya kurudisha skrubu.